Mnaosema hakuna aliyewahi kuona mageuko, angalieni malaria

Mhariri, habari za kazi na pole na majukumu.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu hoja ambayo wasomaji wenzangu wameirudia mara nyingi humu, kwamba mageuko ya viumbe ni maneno ya vitabuni tu, hakuna mtu aliyewahi kuyaona kwa macho, na eti watoto wetu wanafundishwa kuwa walitokana na nyani wakati nyani mpaka leo wapo porini na hawajageuka kuwa mtu yeyote. Mimi nimefanya kazi ya maabara miaka mingi huku Tanga, sasa nimestaafu, na kila nikisoma hoja hiyo roho inaniuma kwa sababu hicho kitu kinachosemwa hakijawahi kuonekana ndicho kilichojaza wodi za watoto miaka ya 1980 na 1990, na dalili zinaonyesha kinataka kurudi.

Nianze na maana yenyewe, maana naona tunabishana huku kila mtu ana picha yake kichwani. Mageuko si mnyama mmoja kulala hivi akaamka vingine. Ni kundi la viumbe ambamo watoto hawazaliwi sawasawa, kuna tofauti ndogondogo zinazorithiwa, na mazingira yakibana wale wenye tofauti fulani wanabaki na kuzaa kuliko wenzao, basi kizazi kwa kizazi ile tofauti inajaa kwenye kundi mpaka kundi lenyewe linakuwa si lile la mwanzo. Ndio hivyo tu. Kwa tembo hiyo inakwenda polepole kwa sababu tembo anabeba mimba karibu miaka miwili, lakini kimelea cha malaria kinakamilisha mzunguko wake ndani ya damu kila baada ya saa 48 hivi, na mgonjwa mmoja aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea zaidi ya bilioni 100 mwilini, kwa hiyo kwa kiumbe kama hicho mtu anaweza kuyashuhudia mageuko ndani ya umri wake mwenyewe, na sisi wa Afrika Mashariki tumeyashuhudia.

Klorokwini mnaikumbuka, angalau wale wa rika langu. Vidonge vichungu, unakunywa leo, kesho, keshokutwa, halafu mwili unakuwasha mpaka unajikuna kwenye ukuta, lakini homa inaondoka. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikaenea duniani baada ya vita kuu ya pili, ikawa bei rahisi kiasi kwamba hata duka la kijijini ilikuwepo karibu na chumvi na viberiti. Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, na kwenye kula huko kinabakiwa na takataka yenye chuma ambayo ni sumu kwake chenyewe, basi kinaigandisha iwe chenga ngumu zisizokidhuru, ndio zile chenga za kahawia ambazo mtu wa maabara anaziona kwenye darubini akiangalia slaidi ya damu. Klorokwini inazuia kule kugandisha. Kimelea kinakufa kwa sumu ya chakula chake.

Sasa katika mabilioni yale ya vimelea, mara chache sana anatokea mmoja ambaye jeni yake moja, yaani kipande cha maandishi ya urithi, imenakiliwa tofauti. Jeni hiyo wanasayansi waliitambua mwaka 2000, inaitwa pfcrt, na inatengeneza protini iliyokaa kwenye ukuta wa kile kifuko ambamo chakula kinameng'enywa na ambamo dawa inajikusanya. Badiliko la msingi liko kwenye nafasi ya 76 ya protini hiyo, na likiwepo, dawa inasukumwa nje ya kifuko kabla haijafanya kazi yake. Mahali ambapo watu hawatumii klorokwini badiliko hilo halimsaidii mwenye nalo kitu, tena linamlemea. Lakini mahali ambapo kila mwenye homa anameza klorokwini, wenzake wote wanakufa anabaki yeye, mbu anakuja anamnyonya mgonjwa, anaondoka na huyo aliyebaki, anampeleka nyumba ya pili.

Usugu huu, yaani vimelea kutosikia dawa, ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia na kule Amerika Kusini. Kwetu uliripotiwa mwaka 1978, Kenya na Tanzania, ndio mwanzo wake Afrika. Na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, baadaye waliposoma jeni za vimelea vya Afrika wakazilinganisha na za Asia, wakakuta usugu wetu haukuanzia hapa, ni uzao wa ule wa Asia, alama zilizozunguka ile jeni zinafanana. Yaani nasaba ya mdudu inasomeka kutoka bara moja mpaka jingine. Njia hiyohiyo ya kusoma nasaba ndiyo inayotumika kwa samaki, kwa ng'ombe na kwa binadamu, kwa hiyo anayeikubali kwa mdudu akaikataa kwa sokwe inabidi atueleze sababu.

Walioishi miaka ile hawahitaji kuambiwa kilichofuata. Mtoto analetwa zahanati, anapewa klorokwini, siku ya tatu anarudi na homa ileile, tunapima tunakuta vimelea bado vipo, safari hii damu imeshuka, degedege limeanza, anawekewa dripu ya kwinini, wengine wanapona wengine hawaponi. Nchini Senegal watafiti waliokuwa wanafuatilia vijiji kwa muda mrefu walikuta vifo vya watoto kwa malaria vilipanda mara mbili na zaidi baada ya usugu kuingia.

Hapa mtu ananiambia, huo ni mwili tu umezoea dawa. Hii nimeisikia kwa wagonjwa, kwa majirani, hata kwa watu waliosoma. Lakini mtoto wa miezi minane ambaye hajawahi kumeza klorokwini maishani mwake alikuwa anaumwa malaria isiyosikia klorokwini, sasa mwili wake ulizoea lini? Aliyebadilika si mtoto, ni kimelea, na si kimelea kimoja kilichojizoeza ugumu, ni kundi zima la vimelea ambalo wanyonge wake wameshafagiliwa na dawa. Tofauti hiyo ni kubwa mno na ndiyo kiini cha mageuko yenyewe, akiielewa mtu hapo mengine yote yanakuwa mepesi.

Tanzania Bara tukaiacha klorokwini mwaka 2001 tukahamia SP, vile vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini. SP nayo haikudumu, vimelea vikabadilika kwenye jeni nyingine, mwisho wa mwaka 2006 tukaingia dawa mseto, hii ALu mnayopewa leo. Kila mabadiliko hayo ya mwongozo, kila mabango mapya ukutani zahanati, kila semina ya wahudumu, yalilazimishwa na kitu ambacho wasomaji wenzangu wanasema hakuna aliyekiona.

Halafu kuna Malawi. Naomba mtu mwenye shaka asome hii taratibu. Malawi iliacha klorokwini mapema kuliko wengine, mwaka 1993, na waliacha kwelikweli, dawa ikapotea madukani. Kama mageuko ni kweli basi tunaweza kutabiri jambo, kwamba dawa ikiondoka, wale vimelea waliobeba mzigo wa usugu watazidiwa na wale wa kawaida, na kundi litarudi kuwa la zamani. Mwaka 1992 vimelea vyenye ile alama ya usugu vilikuwa asilimia 85. Ilipofika mwaka 2000 vimebaki asilimia 13. Mwaka 2005 kule Blantyre watafiti wakathubutu kuwapa watoto klorokwini tena chini ya uangalizi, dawa iliyokuwa imezikwa, na kati ya watoto 80 waliofuatiliwa ilishindwa kwa mmoja tu. Hakuna aliyewaamuru vimelea wa Malawi wabadilike. Mazingira yalibadilika, kundi likafuata. Ukinitaka nichague ushahidi mmoja tu nimuonyeshe mtu anayesema mageuko hayawezi kupimwa, nitachagua huu wa Malawi kuliko mfupa wowote wa Oldupai.

Na mbu naye anakwenda vivyo hivyo. Vyandarua tulivyogawiwa vilikuwa na dawa ya aina moja karibu nchi nzima, Afrika nzima, na mbu aliyeibuka na uwezo wa kuivunjavunja ile dawa mwilini mwake ndiye aliyebaki kutaga mayai. Ndio maana wakafanya majaribio ya vyandarua vyenye mchanganyiko Muleba mkoani Kagera, baadaye Misungwi mkoani Mwanza, na matokeo ya pale ndiyo yaliyofanya Shirika la Afya Duniani libadilishe ushauri wake. Chandarua cha sasa chenye dawa mbili kimebuniwa na watu waliofikiria mageuko ya mbu.

Hata kipimo! Hiki kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, mnachokiita MRDT, kinatafuta protini inayotolewa na kimelea, inaitwa HRP2. Eritrea ikafika mahali wagonjwa wana malaria ya wazi kabisa kwenye darubini lakini kipimo kinasema hakuna. Kuchunguza, wakakuta vimelea vilivyokosa ile jeni kabisa. Ukifikiria ni jambo linaloeleweka, kwa sababu aliyepimwa akaonekana anatibiwa na vimelea vyake vinakufa, na aliyepimwa asionekane anarudi nyumbani na vimelea vyake, mbu anamsubiri. Mwaka 2016 ikabidi nchi ibadilishe kipimo. Mimi niliyetumia maisha yangu kutafuta vimelea kwa macho, hili lilinikosesha usingizi.

Sasa nije kwenye hoja ya maana zaidi kuliko zile za nyani, na nashukuru wapo wasomaji wanaoileta kwa heshima. Wanasema sawa, mdudu amekuwa sugu, lakini bado ni mdudu wa malaria, hajawa kitu kingine, mbu bado mbu. Hayo ni mabadiliko madogo, onyesheni makubwa. Ni swali zuri na linastahili jibu la kweli. Jibu ni kwamba makubwa ni madogo yaliyorundikana, na muda wa kurundikana ni mrefu kuliko maisha ya mtu, kwa hiyo hatuyaoni yakitokea mwanzo hadi mwisho bali tunayakuta yakiwa yamefika hatua mbalimbali. Na bahati yetu, mahali pazuri kuliko karibu pote duniani pa kuyakuta yakiwa njiani ni Ziwa Victoria.

Watu wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanawajua furu, vile visamaki vidogo vya rangi ambavyo zamani vilikuwa mboga ya kila nyumba kabla sangara hajawamaliza wengi wao. Wanasayansi wamehesabu aina zipatazo 500 za furu katika ziwa hilo, wengi hawapo popote pengine duniani. Wapo wanaokula konokono na taya zao ni nene za kuvunjia, wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaowinda samaki wenzao, wapo wanaokula mayai na watoto wa furu wengine. Sasa matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa lilikuwa limekauka, halafu likajaa upya. Kwa hiyo aina zile mia kadhaa hazikuwa na pa kukaa kabla ya hapo, zimetokea baadaye, na jeni zao zinaonyesha zote zina asili ya karibu, mchanganyiko wa koo mbili za samaki wa mito, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile. Miaka 15,000 kwa hesabu za dunia ni jana asubuhi.

Na bado kazi inaendelea. Kuna furu mmoja amepewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, dume lake lina wekundu mgongoni. Ana ndugu yake anaitwa Pundamilia pundamilia, dume lake ni la bluu. Wanaishi kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza na jirani zake. Wa bluu anakaa juu karibu na uso wa maji, mwekundu anakaa chini zaidi ambako mwanga unaofika umeegemea upande wa wekundu, na jeni za macho yao zinatofautiana kulingana na mwanga wa pale kila mmoja anapoishi. Jike linachagua dume kwa rangi. Kwenye maji maangavu wale wawili ni aina mbili kabisa, hawachanganyiki. Lakini ukienda kwenye visiwa ambako maji yamechafuka kwa tope na taka za ghubani, rangi hazionekani vizuri, majike hayatofautishi, unakuta samaki wa katikati, wa rangi zisizoeleweka. Yaani ukitembea na boti kutoka kisiwa kimoja hadi kingine unapita hatua za aina moja kugawanyika kuwa mbili, kisiwa hiki bado ni moja, kile zimeanza kuachana, kile kingine zimeshaachana. Mtu anayeomba kuonyeshwa aina mpya ikizaliwa aombe nauli ya Mwanza. Na hao furu walionusurika na sangara nao wamebadilika, aina mojawapo iliyorudi baada ya kupotea miaka kadhaa imeonekana na mashavu ya kupumulia makubwa kuliko ya zamani, kwa vile maji ya siku hizi yana hewa kidogo.

Wanaotaka mnyama mkubwa waangalie kwa majirani zetu Msumbiji. Katika hifadhi ya Gorongosa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe mpaka wakabaki kama mmoja kati ya kumi. Tembo jike asiye na pembe alikuwa hana faida kwa muuaji, akaachwa. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa karibu asilimia 18, baada ya vita wakafika nusu, na binti zao waliozaliwa vita vimeisha wengi wamerithi. Hiyo ni bunduki imefanya kazi ya mazingira, ndani ya miaka 15.

Nirudi kwenye damu yetu wenyewe kwa sababu wengine wanakubali kwa wanyama ila kwa binadamu hapana. Selimundu, ule ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na mimi nimewatoa damu watoto hawa, nimeona wanavyolia mifupa ikiuma, si jambo la kulisemea kirahisi. Swali la kawaida ni kwamba kama mageuko yanachagua kilicho bora, ugonjwa huu umebakije? Aliyelipatia jibu ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini Kenya akagundua kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye chembe hizo ni wengi, kuna mahali wanapita mmoja kati ya watano, lakini nyanda za juu zenye baridi karibu hawapo. Ramani ile ikafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akatangaza matokeo, kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu na tena ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali, na aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeteseka. Ni herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya himoglobini. Malaria ikawa inaua wasio nayo, selimundu inaua wenye nazo mbili, mwenye nayo moja anabaki kuzaa, jeni haiishi. Mageuko hayana huruma wala hayajali mtoto gani analia, yanahesabu tu nani kazaa. Jambo hili ni chungu lakini ni kweli, na limeandikwa katika miili ya watu wa Pwani, wa Kanda ya Ziwa, wa Kongo, na hata wa Oman na Ghuba nzima ambako malaria nayo iliwahi kutamba.

Kuhusu nyani nitasema kwa kifupi. Hakuna kitabu cha baiolojia kinachofundisha kwamba nyani huyu wa Mikumi ni babu yetu. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, na kuwepo kwa binamu yako hakufuti babu. Sisi na sokwe wa Gombe na Mahale tulitengana miaka kama milioni sita au saba iliyopita, sokwe akaenda njia yake na sisi yetu, yeye naye amebadilika kwa njia yake. Sokwe ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, 48, sisi 46, na kromosomu yetu ya pili ukiisoma unakuta katikati yake alama ambazo kwa kawaida hukaa ncha za kromosomu, ushahidi kwamba mbili za zamani ziliungana zikawa moja. Nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey kwenye majivu ya volkano zina umri wa miaka kama milioni 3.6, na ni za kiumbe kinachotembea wima kwa miguu miwili wakati huo ubongo wake bado mdogo. Ziko Tanzania, hazikuletwa na mzungu kwenye meli.

Na kuhusu dini. Mimi ni Muislamu, naswali, na sijawahi kuhisi imani yangu imetikiswa na kilichopo chini ya darubini. Majirani zangu Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 aliwaandikia wanasayansi wa chuo chake kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Wapo waumini wanaoona vingine na sitaki kuwagombeza, ninachoomba ni kwamba mtu asikatae alichokiona kwenye zahanati kwa kuogopa alichosikia kuhusu nyani.

Lawama nyingine naipeleka kwenye namna tulivyofundishwa. Wengi tulikutana na habari hizi kwenye somo la historia, kidato cha kwanza, kwenye ile picha ya watu wamepanga foleni, wa kwanza kainama ana manyoya, wa mwisho kasimama ana mkuki. Picha ile imeharibu mambo, inamfanya mtoto aone kama kila kiumbe alikuwa kwenye foleni ya kuwa mtu, ndio maana akikua anauliza mbona nyani hajafika. Mwalimu wa baiolojia akija kidato cha nne mtoto ameshakataa. Kama ningekuwa na sauti kwenye mitaala ningesema mada ianze na klorokwini. Kila mtoto hapa nchini ana shangazi au bibi anayekumbuka vile vidonge, aende akamuulize kwa nini viliondolewa, arudi na jibu darasani.

Hili halina muda wa kusubiri kwa sababu ya habari za miaka ya karibuni. Dawa mseto tunayotegemea sasa inabebwa na kundi la artemisinini, zile dawa ambazo Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuziibua. Usugu wake ulianza kuonekana magharibi ya Kambodia, na watu wengi walidhani ukija Afrika utakuja kwa kusafiri kama ule wa klorokwini. Mwaka 2020 ukaripotiwa Rwanda, na jeni zikaonyesha haukusafiri, umezaliwa hukohuko Rwanda. Mwaka uliofuata kaskazini mwa Uganda, nao wa kwao. Kisha alama ileile ya Rwanda ikaonekana kwetu Kagera, wilaya ya Karagwe. Kwa sasa dawa bado inaponya kwa sababu ALu ina dawa mbili na ya pili bado inashika, lakini kimelea kinachelewa kufa, na tunajua kwa klorokwini hali ilianza hivyohivyo.

Mtu anayeelewa mageuko anaelewa kwa nini nusu dozi ni hatari kwa mtaa mzima na siyo kwake peke yake, kwa nini kumeza ALu kwa kila homa bila kupima ni kuwachuja vimelea ili wabaki sugu, kwa nini vidonge vilivyobaki visitunzwe kabatini vikapewa mtoto mwingine wiki ijayo, na kwa nini dawa bandia yenye kiasi kidogo cha dawa ni mbaya kuliko hata isiyo na dawa kabisa kwa habari ya usugu. Asiyeelewa anaona ni masharti ya manesi.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili. Ukurasa wenu wa afya una wasomaji wengi kuliko kitabu chochote cha shule, naomba mtafute wataalamu wa malaria wa hapa nchini, tunao wengi na wazuri, waeleze hatua kwa hatua kilichoipata klorokwini, kilichoipata SP, na kinachoendelea Kagera sasa hivi, kwa Kiswahili cha kawaida, na waitaje mageuko kwa jina lake bila kuogopa. Na yule msomaji aliyeuliza nani ameyaona, kama atapenda tuonane nipo Muheza, na darubini ya kumuonyesha haikosekani.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga